Nyoka wa Kumi na Mbili

"Una hakika, mzee? Wamebaki wengine kumi na mmoja?"

Mtaalamu wa nyoka aliuliza kwa mara ya tatu, sindano mkononi. Mezani, ndani ya mfuko wa kitambaa, nyoka alikuwa akijikunja taratibu. Alikuwa mpole, hajawahi kumuuma mtu, na dunia nzima alipatikana kwenye kile kisiwa kimoja cha mawe.

"Kumi na mmoja, mwanangu. Nimewapa namba mwenyewe," alijibu mlinzi wa kisiwa. "Huyu ni wa kumi na mbili, sijampa yake bado."

"Na alama ulikata kwenye gamba la tumboni, kama nilivyokuonyesha?"

"Kama ulivyonionyesha."

Mlinzi alikuwa akidanganya. Mkasi aliopewa ulikuwa unaota kutu kwenye droo. Siku ya kwanza alimgeuza nyoka tumbo juu, akamtazama, moyo ukamshinda. Akachukua rangi nyekundu ya kucha ya mkewe, akamwandika namba moja karibu na mkia. Kwa miaka mitatu ikawa ndiyo kazi yake. Akikuta nyoka mwenye namba, humwacha aende zake. Akikuta asiye na namba, humpa inayofuata. Hakuwahi kuwaona wawili pamoja. Alijisemea tu kwamba wana maringo.

"Chupa ya tatu hii!" mkewe alimtania siku moja. "Mimi kucha tupu, wake wenzangu wote wamepakwa."

Sasa mtaalamu aliusogelea mfuko. "Nisamehe, mzee. Tusipohifadhi mmoja kwenye chupa ya spiriti, hatuwezi kumpa jina. Na asiye na jina, sheria haimjui. Wapasua mawe wameshapiga vigingi kisiwani."

"Fanya, mwanangu. Afe mmoja, wenzake wapone."

Akageukia ukutani, akalia bila kuona haya.

Miezi miwili baadaye barua ilifika. Jina limekubaliwa, kisiwa kisiguswe. Wapasua mawe waling'oa vigingi, wakapakia mashine zao na kuondoka wamenuna. Mlinzi alirudi kisiwani na barua mfukoni, pamoja na chupa mpya ya rangi. Alizunguka siku nne asione hata mkia.

Siku ya tano alifika kwenye jiwe kubwa ambalo mashine ilikuwa imelisukuma kando. Chini yake palikuwa na tundu, jembamba, la kumtosha nyoka mmoja. Akapiga magoti, akatia mkono hadi begani.

Nyoka hakuwemo. Zilikuwemo ngozi kavu za kujivua, zimelaliana. Akazitoa kwa uangalifu, akazipanga juani. Kila moja ilikuwa na namba nyekundu karibu na mkia, kuanzia moja hadi kumi na moja.