Ulimbo wa Damu

Mjukuu wangu, wajua mbegu za damu hunaswa kwa ulimbo kama ndege?

Pale hospitali Mwanza walivuta uboho wenye mbegu hizo kwenye mfupa wa nyonga wa Mhoja ili kumponya mdogo wake wa kike, mgonjwa wa saratani ya damu. Mtaalamu aliumimina juu ya kioo chenye kunata, akausuuza taratibu. Mengine yote yakaenda na maji. Mbegu zikang'ang'ania, kama magamba ya sato kiganjani.

"Dada, chungulia kwenye darubini," akasema mtaalamu. "Hizo ndizo zitakazomponya."

Mhoja alichungulia. Kisha akashika pindo la kitenge chake, akakifuta kile kioo mpaka kikang'aa.

"Dada! Uboho wa mdogo wako tumeshauua kwa dawa ili apokee huu. Atakufa!"

"Alipoolewa na mume wangu nilinyamaza," Mhoja alisema, akikung'uta kitenge. "Nilitaka aniombe msamaha tu."