Jina la Nyegere Mlangoni kwa Kicheche

Msituni hakukuwa na mkubwa wa kuamua jina ni la nani. Aliyefungua duka alimwendea Kobe, naye akamchongea kwenye mwamba wa mtoni jina na mahali duka lilipo, kila mnyama asome.

Kicheche aliuza asali kwenye shimo lake la kichuguuni, lakini wanyama walisifia ya Nyegere tu. Asubuhi moja akamwambia Kobe, "Nichongee: Asali ya Nyegere, shimo la kichuguuni."

"Wewe si Nyegere."

"Kwani jina limeshachongwa?"

"Bado."

"Basi chonga."

Mchana wateja walifurika kwa Kicheche. Nyegere akaja juu: "Kobe, hilo jina langu!"

"Mimi nachonga tu, ndugu yangu, siamui. Malizaneni wenyewe."

Jioni nyuki, ambao Nyegere alikuwa amewavunjia mzinga, walikwenda mwambani kutazama mwizi wao anakaa wapi. Wakasoma, wakaenda moja kwa moja kichuguuni.

Kicheche alimkimbilia Nyegere, uso umevimba hata macho hayaonekani. "Kaka, chukua jina lako!"

Nyegere, ambaye ngozi yake mwiba wa nyuki haupenyi, alikuwa akiramba makucha. "Haraka ya nini? Kaa nalo. Msimu wa asali ndiyo kwanza umeanza."