Kipande cha Mwisho Ukutani

Kwenye ukuta wa nje wa jiko la Bi Chausiku kilibaki kipande kimoja. Marehemu mumewe alipoezeka zahanati kwa mabamba ya nyuzi za mkonge na gundi, alitundika hapo vipande kumi na viwili vilivyoungwa vilevile, vipigwe jua na mvua pamoja na paa. Kila mwaka alitungua kimoja na kukijaribu kwa nyundo. Mwaka huu hakuwapo.

"Mama, kesho tunaezua paa lote," alisema fundi Mashaka. "Gundi ya zamani hiyo, itawaangushia wagonjwa mabamba."

"Vunja hiki kwanza, mwanangu. Gundi ikiachia, nitakushikia ngazi mwenyewe."

Fundi alicheka, akakiweka juu ya jiwe, akapiga. Kiliruka tu. Pigo la nne, nyuzi zilikatika pembeni, lakini pale kwenye gundi hapakufunguka hata ufa. Akapapitishia kidole gumba.

"Mzee alichanganya nini humu?"

"Alingoja ikauke siku tatu. Nanyi mkamcheka."

Fundi alibeba ngazi yake, akaelekea kwao. Bi Chausiku alikirudisha kipande msumarini. Matone ya kwanza yakaanza kukipiga.