Pikipiki Iliyokosa Mwenyewe

Asteria alikataa kiti alichosogezewa. Ukikaa dukani, muuzaji anajua umeshaamua kununua.

"Nipe bei ya mwisho, Bwana Dilip."

"Mayu," Dilip alimwita mama kwa Kisukuma, "hiyo niliyokutajia ndiyo ya mwisho. Pikipiki mpya hii. Tazama, hata nailoni ya kiwandani haijatoka kwenye kiti."

"Ya mwisho umeshaitaja mara mbili, na kila mara ni tofauti."

Maganga, mdogo wake, alicheka kimyakimya huku akiikagua ile Honda ya bluu. Yeye ndiye angeiendesha. Alijifunzia pikipiki ya chama cha ushirika, enzi ushirika ulipokuwa bado na pikipiki.

Asteria alikuwa ameuza ng'ombe wote alioachiwa na marehemu mumewe, kwa bei ya kutupa, na bado fedha hazikutosha. Lakini bila pikipiki asingempata Luka. Mwanawe huyo wa pekee alikwenda kuchimba dhahabu Geita, na tangu mvua za elnino habari zake zilikatika. Basi linaishia mjini. Maduara, yale mashimo wanayochimba, yako porini, na wachimbaji wenyewe hawatulii. Leo wako hapa, kesho wamesikia dhahabu imetoka kwingine. Ilibidi Maganga ayapitie moja moja. Njia nzima asubuhi ile Asteria alimkaririsha alama: pengo la jino la mbele, kovu la jembe mguuni, saa ya marehemu baba yake ambayo mkanda ulikatika na yeye Asteria akamshonea mwingine wa mpira wa baiskeli, kwa uzi mwekundu.

"Ukimkuta hana kitu, usimcheke," alimwambia. "Mwambie arudi hivyo hivyo."

Sasa alifungua kitenge, akaweka fungu lote la noti juu ya kaunta.

"Nilizonazo ni hizi. Nyumbani hakuna nyingine."

Dilip alizipima kwa macho tu. "Hizi zinazidi nusu kidogo, mayu. Siwezi."

"Basi."

Alizifunga tena, akaelekea mlangoni polepole, kama afanyavyo kila mnunuzi anayesubiri kuitwa. Akafika kizingitini. Hakuitwa. Hapo ndipo alipoiona nyuma ya mlango pikipiki nyingine kama ile, nyekundu, imefunikwa nusu kwa turubai lenye vumbi.

"Na hii?"

"Hiyo ina mwenyewe."

"Mwenyewe gani anaacha mali yake ishike vumbi hivi?"

Dilip alijikuna shingo. "Kijana mmoja, mchimbaji wa Segese. Wanamwita Dola, majina ya wachimbaji unayajua. Mcheshi, duka zima lilicheka siku hiyo. Alilipa nusu, akasema ataifuata Jumapili. Hakuja. Baadaye wenzake wakapita, wakaniambia nisimsubiri. Duara lilijaa maji yeye akiwa chini."

"Masikini," Maganga alisema.

Asteria hakusema pole. Alirudi kwenye kaunta.

"Wetu mpole, na yuko Geita," alisema, kama mtu anayefunga mlango. Kisha akazitoa zile noti tena. "Nusu umeshaipata. Mimi nakupa nusu iliyobaki. Kinachozidi ni cha petroli."

"Mayu! Ile ni pesa ya marehemu."

"Ndiyo maana. Nani atanunua pikipiki ya marehemu mji huu? Watasema ina mkosi. Itaozea hapo hapo nyuma ya mlango."

"Ndugu zake wakija?"

"Tangu masika wamekuja?"

"Hawajaja. Lakini ana mama. Aliniambia nifunge kiti kirefu badala ya keria, ili mama yake akae vizuri."

"Mama yake hayupo hapa," Asteria alisema. "Mimi nipo."

"Dada," Maganga alianza.

"Nyamaza wewe. Unataka kumtafuta Luka kwa miguu?"

Dilip alitazama turubai, akatazama fedha. Mwishowe akazivuta noti upande wake.

"Haya. Lakini dhambi yako, siyo yangu."

"Yangu. Nitaibeba."

Maganga aliitoa pikipiki nje, akaipangusa kwa mkono wa shati, akapiga kiki. Ikakohoa, ikagoma, kisha ikawaka. Alikipigapiga kile kiti kirefu kwa kiganja, kumwonyesha dada yake mahali pa kukaa.

Lakini ununuzi hauishi hivyo. Mtu akinunua kibiriti anaweza kuondoka zake. Akinunua kitu kikubwa, hudai nyongeza.

"Na nyongeza yangu?"

"Mayu, umeshanimaliza!"

"Nipe ile kofia ngumu."

"Kofia nauza."

"Kopo la oili, basi."

"Oili pia nauza."

"Sitoki."

Dilip alicheka bila kupenda. Akavuta droo, akapekua katikati ya nati na plagi kuukuu, akatoa saa ya mkononi na kuiweka juu ya kaunta.

"Dola aliiacha rehani, nisiiuze pikipiki kabla hajaleta ile nusu iliyobaki. Nusu umeilipa wewe, kwa hiyo ni haki yako. Imesimama, lakini fundi ataitengeneza. Mkimpata kijana wenu, mpeni."

"Dada!" Maganga aliita kutoka nje, akishindana na mlio wa injini. "Panda twende, tuiwahi Geita!"

Asteria aliigeuza saa. Mkanda ulikuwa wa mpira wa baiskeli. Uzi ulikuwa umefifia, lakini wekundu wake ulikuwa bado unaonekana.