Akaunti ya Mzee Shekue

Nyumba za Tanga, zilizoendeshwa na kompyuta, zilihudumia wenye akaunti tu, na akaunti ya marehemu ilifutwa na mjane wake, kwa amri aliyoiandika mwenyewe. Bi Mwanaisha aliahirisha kuiandika kwa miezi. Kila alasiri nyumba ilimpigia marehemu mumewe, Mzee Shekue, taarabu aliyoipenda, naye Bi Mwanaisha aliketi kando ya kiti kitupu akisikiliza, kama enzi za uchumba wao.

Sasa binti yao Salha alikuwa amejifungua, na nyumba haikukubali akaunti mpya kabla ya ile ya marehemu kufutwa. Chumba cha mtoto hakikupozwa. Nyumba haikujua kwamba yumo.

"Mama, andika tu," Salha alisema, akimpepea mtoto kwa kanga.

Bi Mwanaisha alivuta kibodi, akaandika polepole: futa shekue. Maandishi meupe yakatokea kwenye skrini nyeusi: "Imeshindikana. Shekue anatumia nyumba kwa sasa."

Wakageukia kiti kitupu; taarabu ya alasiri ilikuwa bado inapigwa.

"Kuna amri ya kulazimisha," Salha alinong'ona. "Ni neno moja tu, mama."

Bi Mwanaisha aliondoa vidole kwenye kibodi.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mwache baba yako amalize."