Ahsante ya Hondohondo

Hondohondo jike alikuwa amejiziba kwa udongo ndani ya tundu la mti ili aatamie kwa usalama. Kila asubuhi dume alimpitishia tini kwenye ufa, na kila asubuhi alijibiwa, "Hii mbichi. Katafute nyingine, mimi nina kazi." Na kweli kazi ilimwelemea, maana mayai hayajigeuzi yenyewe.

Mayai yalipoanguliwa, akapata nafasi ya kupumua. Mdomo ulipochungulia ufani, akasema kwa upole, "Ahsante, mume wangu. Umehangaika sana kwa ajili yetu."

Huko nje tini ikadondoka.

"Shemeji, mimi ni mdogo wake. Kaka alinyakuliwa na tai zamani, akikutafutia hiyo tini mbivu. Nilitaka kukuambia, lakini kila nikianza, unasema una kazi."