Kichwa cha Korogwe

"Na aliyemnyoa huyu naye akamatwe!" Sadala kinyozi alifoka, simu ya Faudhia mkononi.

Kwenye simu palikuwa na video ya jana ya kamera ya duka la khanga la Emiliana, iliyofungwa darini na fundi asiyejua kazi. Ilionyesha tosi tu. Utosi wa mwanamume unaingia, unasimama kaunta, unaondoka na mfuko wa Faudhia. Uso hakuna. Na mfukoni mlikuwa na vyeti vyote vya binti wa watu, na usaili wa kazi ni kesho saa mbili asubuhi.

"Wamesema bila vyeti nisijisumbue kwenda," Faudhia alisema, machozi yakimlengalenga.

"Nyamaza, mwanangu. Mwizi kaniachia utosi mimi, Sadala? Kwisha habari yake!"

Hakujigamba bure. Miaka ishirini na mbili ananyoa hapa Handeni. Sura za watu humchanganya, lakini vichwa! Mtu akiinama kufunga kamba za viatu, Sadala anamwita kwa jina. Hata msikitini, watu wakisujudu, anajua nani kaja na nani kabaki kwake, Mungu amsamehe.

Akausogeza mfuko wa khanga za mama mkwe, alizonunua jana, uliokuwa umening'inia msumarini ukimzibia mwanga. Akatazama tena.

"Kipara cha ukubwa wa kisosi, katikati. Pembeni ngazi ngazi, utadhani panya wameingia shambani. Kichwa hiki hakijawahi kupita mikononi mwangu. Si cha Handeni hiki. Ni cha Korogwe!"

Akafunga saluni mchana kweupe, akapanda basi. Stendi ya Korogwe akasimama juu ya benchi, akawa anachungulia tosi za abiria mmoja mmoja. Alirudi kwa njia ya Segera, na huko mama muuza machungwa akamuuliza kama anawatafuta watu chawa. Jioni akafika Handeni, vumbi hadi kwenye kope, mikono mitupu.

Faudhia alikuwa bado mlangoni, anamngoja.

Sadala akajitupa kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho hajawahi kukikalia tangu akinunue. "Nisamehe, mwanangu. Nimeshindwa." Aliona aibu ya kweli, mzee wa watu.

Faudhia akaenda kusimama nyuma yake, amshike bega. "Usijali, baba, ndiyo bahati ya..."

Akatoa simu, akaitazama. Akatazama chini. Akaitazama simu tena.

"Baba, hivi nani hukunyoa?"

"Nani wa kunigusa mimi? Najinyoa mwenyewe, hapa hapa mbele ya kioo. Kwani vipi?"

Faudhia alichukua kile kioo kidogo cha kuwaonyeshea wateja visogo vyao, akakiinua juu ya kichwa cha mzee.

Sadala akatazama kwenye kioo kikubwa. Akatazama sana.

"Mwanangu," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "hebu nishushie ule mfuko wa mama mkwe."